Droni ya kukagulia majengo Mtwara: ndogo ya mfukoni, ya lenzi mbili, au ya kamera ya joto?

Kila ikifika Agosti simu huanza. Msimu wa korosho unakaribia, chama cha msingi cha ushirika kinataka kujua kama paa la ghala litahimili, maana tone moja likidondokea magunia kwa wiki mbili, ubora umeshuka na mkulima ndiye anayeumia. Siku hizi swali limebadilika kidogo. Zamani waliuliza, "Una ngazi ndefu?" Sasa wanauliza, "Tununue droni gani?"

Jibu langu huanzia pasipotarajiwa. Siulizi kwanza kamera ina megapikseli ngapi, yaani mamilioni mangapi ya vitone vya picha. Nauliza: ukisimama mita kumi kutoka kwenye paa, unakiona kichwa cha skrubu? Na kabla ya hapo: kibali kipo? Maswali haya mawili yamewagharimu watu wengi kuliko bei yenyewe ya chombo, nami ni mmoja wao.

Kwanza, uhakika wa kama unaihitaji kabisa. Nyumba ya kawaida ya Chikongola au Magomeni, ghorofa hakuna, paa la bati la mgongo mmoja au miwili: fundi mwenye ngazi nzuri na mwenzake wa kuishika anamaliza kazi kwa saa moja, tena anagusa. Anabonyeza fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, kwa kidole na kujua kama imeoza. Droni haibonyezi. Kwa ukuta wa ghorofa mbili, simu iliyofungwa kwenye fimbo ndefu au darubini ya mkononi inatosha mara nyingi. Droni inaanza kulipa pale ambapo vinginevyo ungesimamisha jukwaa la mirunda: ghala refu lenye bati chakavu lisilobeba mtu, mnara wa tangi la maji, mnara wa kanisa au msikiti, hoteli ya ghorofa nne, paa la shule lenye paneli za sola. Bati lililoliwa na kutu kwa ndani linaonekana zima kwa juu mpaka mguu uzame. Kwa hofu hiyo peke yake naona chombo hiki kina thamani yake.

Sasa kibali, na hapa sitapita haraka.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 za ndege zinazoongozwa kwa mbali, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni husajiliwa huko, na shughuli ya kupaisha huombewa kibali huko. Juu ya hapo kuna kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Kimoja hakifuti kingine. Nimekutana na vijana waliosajili droni wakadhani wamemaliza, na wengine wenye barua ya upande mmoja tu. Ukomo wa kawaida wa kuruka ni futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120, na chombo kibaki machoni pako muda wote. Kwa mkaguzi wa majengo ukomo huo si tatizo. Hakuna jengo Mtwara linalokulazimisha kufika nusu yake.

Tatizo letu ni mahali. Uwanja wa ndege wa Mtwara hauko mbali na mji, kwa hiyo mitaa mingi ambayo wewe unaiona ni ya kawaida, kwa watu wa usafiri wa anga ni njia ya ndege kushuka na kupaa. Kazi karibu na uwanja inahitaji idhini yake. Bandari ni eneo nyeti. Mitambo ya gesi ya Madimba, inakoanzia safari ya gesi ya Mnazi Bay kwenda Dar es Salaam, ni eneo nyeti. Kambi za jeshi na vituo vya polisi, usifikirie hata kidogo. Ukikagua ghala ambalo ukuta wake unatazama mojawapo ya sehemu hizi, andika hivyo kwenye ombi, chora ramani, onyesha droni itatazama upande gani. Ombi lenye mchoro huwa halirudishwi na maswali mengi kama ombi la sentensi mbili.

Ukisogea kuelekea mto Ruvuma, ongeza heshima. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo. Mama aliyeko shambani kule akisikia mvumo juu ya kichwa chake ana haki ya kukimbia, na ana haki ya kupiga simu. Kibali chako hakijaandikwa kwenye propela akakisoma. Kwa hiyo mimi hufika siku moja kabla: kwa mtendaji, kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, nikiwa na nakala za karatasi zote, na kituo cha polisi cha karibu nakijulisha. Asubuhi ya kazi navaa fulana ya kuakisi mwanga na mtu mmoja anasimama barabarani kueleza wapitao. Hayo yote yanachukua nusu siku isiyolipwa. Yaweke kwenye bei.

Halafu kuna jirani. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia picha inayomtambulisha mtu. Uani kwa watu wa mwambao ni ndani. Dada anafua, bibi amekaa mkekani bila mtandio, halafu jicho linaning'inia juu ya ukuta wa makuti. Hapana. Mwenye jengo anipe ruhusa ya maandishi, majirani wa pande zote wapigiwe hodi kabla, kamera ielekezwe kwenye bati na si kupita juu ya nyua za watu, na picha zilizonasa mtu bila kukusudia zifutwe siku hiyo hiyo. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye lenzi, kwa sababu lenzi inayovuta mbali inaweza kuilinda heshima hiyo au kuivunja, kutegemea mkono unaoiongoza.

Jambo moja linalopotosha wengi: uzito wa chini ya gramu 250 ulioandikwa kwa fahari kwenye boksi. Kipimo hicho kinatoka kwenye sheria za Marekani na Ulaya, ambako chombo chepesi kinasamehewa baadhi ya masharti. Hakikusamehi hapa. Na programu ya simu isipokuzuia kuruka, hiyo pia si ruhusa. Kampuni ya DJI yenyewe, watengenezaji wa droni, iliondoa Januari 2025 ule ufungaji wa maeneo, uliokuwa ukizuia droni kuruka sehemu zilizokatazwa, kwenye programu yake kwa watumiaji wa Marekani na kubakiza onyo tu. Mashine haijui sheria za Mtwara. Unazijua wewe.

Ukiwa na hayo mkononi, tuweke vyombo vitatu mezani. Nimechagua vya DJI kwa sababu moja tu: ndivyo ambavyo mafundi na betri zake vinapatikana kirahisi zaidi Dar es Salaam.

| | Mini 4 Pro | Air 3 | Mavic 3T |
|---|---|---|---|
| Uzito | chini ya gramu 249 | gramu 720 | gramu 920 |
| Lenzi | moja, milimita 24 | mbili, milimita 24 na 70 | milimita 24, 162, na kamera ya joto |
| Muda hewani kwa maelezo ya kiwanda | dakika 34 | dakika 46 | dakika 45 |
| Upepo inaoustahimili | mita 10.7 kwa sekunde | mita 12 kwa sekunde | mita 12 kwa sekunde |
| Bei ilipozinduliwa Marekani | dola 759 | dola 1,099 | zaidi ya dola 5,000 |

Bei za hapa hazifanani na hizo. Ushuru na faida ya muuzaji huingia. Lakini uwiano wake unabaki vilevile: ya tatu ni bei ya nne au tano za katikati.

Tazama safu ya lenzi. Mini 4 Pro na Air 3 zote zinajitangaza kwa megapikseli 48, na mnunuzi akiona namba sawa anasema achukue ya bei ndogo. Lakini simama mita 10 kutoka ukutani. Lenzi ya milimita 24 inakuletea upana wa kama mita 14 katika picha moja. Lenzi ya milimita 70 ya Air 3 inakuletea kama mita 5. Ile ya 162 ya Mavic 3T, kama mita 2. Picha ni ileile moja, ila kipande cha bati kinachogawana vitone vya kamera ni kidogo zaidi, kwa hiyo kila kitone kinaona zaidi. Kwa hesabu yangu, katika picha ya kawaida ya megapikseli 12, kitone kimoja cha Mini kwa umbali huo kinafunika karibu milimita 3.6 za bati. Cha Air 3 kwa lenzi ndefu ni milimita 1.2, cha Mavic nusu milimita. Ukiweka Mini kwenye megapikseli zake zote 48 unashuka mpaka karibu milimita 1.8, mwanga ukiwa mzuri na mikono ikiwa na subira.

Kichwa cha skrubu ya bati pamoja na mpira wake ni kama sentimita moja na nusu. Kwa Mini katika picha ya kawaida hiyo ni vitone vinne. Utajua kwamba kuna skrubu. Hutajua kama mpira umepasuka, na mpira uliopasuka ndiyo mvujo wenyewe. Kwa Air 3 una vitone kumi na mbili, unaanza kuona ufa wa mpira na kutu inayozunguka tundu. Ufa wa plasta wa milimita moja kwenye nguzo ya ghorofa ya tatu, Mini itakuonyesha kivuli. Mavic itakuonyesha ufa na unakoelekea.

Mwenye Mini atasema: nitaisogeza. Ni kweli, isogeze mpaka mita 3, picha inakuwa nzuri sana. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, kwenye ghala la wilayani, Julai, saa nane mchana. Kusi, upepo wa kusini, linapiga ukuta wa ghala, linapanda, na kwenye ukingo wa paa linajikunja kama maji yanavyojikunja nyuma ya jiwe. Kwenye eneo la wazi droni ilikuwa imetulia. Ilipovuka ukingo wa gata ilisukumwa chini ghafla, propela ikagusa bati, na nikaishuhudia ikibingirika kwenye mteremko mpaka ikadondoka upande wa pili. Hakuna aliyeumia. Lakini pale chini dakika kumi kabla walikuwa wamesimama wapakiaji wanne wakinywa chai. Sijasahau kile kikundi cha watu na vikombe vyao, na tangu siku hiyo umbali wa mita 8 hadi 10 kutoka kwenye jengo ni sharti langu, na hakuna mtu chini ya njia ya droni. Lenzi ndefu ndiyo inayolifanya sharti hilo liwezekane bila kupoteza picha.

Namba za upepo kwenye jedwali zisikudanganye pia. Mita 10.7 kwa sekunde ni karibu kilomita 38 kwa saa, na 12 ni 43. Hicho ni kiwango ambacho chombo kinapambana kubaki hewani, si kiwango cha kupiga picha safi. Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kusi, mimi hupaisha tangu kunapopambazuka vizuri mpaka saa tatu na nusu asubuhi. Baada ya hapo upepo wa bahari unaongezeka, na jua linang'aa kwenye bati jipya kiasi kwamba picha inakuwa nyeupe tupu. Kaskazi na msimu wa matlai, upepo wa mashariki, ni laini zaidi, ila mvua inakufungia siku. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyotengenezwa kulowa. Na pembezoni mwa bahari, Shangani au Mikindani, kila baada ya kazi futa chombo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, hasa kwenye mota na sehemu za kuunganisha betri. Chumvi haionekani siku ya kwanza, inaonekana baada ya miezi. Mwewe nao wapo. Akianza kuzunguka, shusha, subiri.

Air 3, kwa haya yote, ndiyo ninayomshauri fundi wa Mtwara anayeanza kwa nia ya kufanya kazi kweli. Ni nzito kiasi cha kutulia, ina lenzi ndefu, inatambua vizuizi pande zote, na kamera yake inainuka hadi nyuzi 60 kutazama chini ya mapaa yanayoning'inia, kama ilivyo pia kwa Mini 4 Pro. Ndugu yake mpya, Air 3S ya Oktoba 2024, ana kamera kubwa zaidi kwa lenzi pana na anafaa alfajiri yenye mwanga hafifu; ukiikuta kwa tofauti ndogo ya bei, ichukue. Usilipie tofauti kubwa, kwa sababu lenzi ndefu, ambayo ndiyo ya kazi yetu, haijatofautiana sana.

Mini 4 Pro siidharau. Kwa mwenye hoteli ndogo anayetaka kuangalia gata zake na tangi lake mara mbili kwa mwaka, au mkandarasi anayepiga picha za maendeleo ya ujenzi kutoka mbali, inatosha na inaingia mfukoni. Usiinunue tu kwa kudhani ni njia ya kukwepa karatasi.

Kamera ya joto ya Mavic 3T inahitaji maneno yake, kwa sababu wauzaji wanaisifia kama macho ya mganga. Inapima joto kwa vitone 640 kwa 512, si unyevu. Kwenye slebu ya zege ni msaada mkubwa: sehemu iliyolowa maji ndani inashikilia joto la mchana muda mrefu kuliko zege kavu, kwa hiyo baada ya jua kuzama inaonekana kama doa linalong'aa. Kumbuka tu kwamba kupaisha gizani kunahitaji ruhusa yake mahususi, kwa hiyo ombi lako litaje muda huo. Kwenye paneli za sola ni nzuri zaidi: seli iliyoharibika inapata joto kuliko wenzake, unaiona mchana kweupe ndani ya dakika tano. Kwenye bati linalong'aa, hata hivyo, inakudanganya. Chuma king'avu kinaakisi ubaridi wa anga, na kamera inakuandikia joto la anga ukidhani ni la bati. Kwa kuwa maghala yetu na nyumba zetu nyingi ni bati, mtu wa Mtwara asilipe mara tano kwa jicho ambalo sehemu kubwa ya mapaa yake halitayasoma. Mwenye hospitali, hoteli za slebu au mashamba ya sola, hesabu yake ni nyingine. Lakini aangalie kwanza Matrice 4T iliyotoka Januari 2025, maana ndiyo iliyokuja kushika nafasi hiyo.

Au usinunue kabisa. Kampuni zenye vibali vya droni zipo, nyingi zikitokea Dar es Salaam, na kwa ukaguzi wa mara moja kwa mwaka wa maghala matatu au manne, kuita watu ni nafuu kuliko kununua, kusajili, kujifunza na kutunza betri zinazovimba kwa joto la ghalani. Vyama vya msingi vya wilaya moja vikikubaliana siku, gharama ya safari inagawanyika. Ukiita, omba mambo matatu kabla ya malipo ya awali: nakala ya vibali vyote viwili vikitaja eneo lako na tarehe zako, uthibitisho wa bima ya madhara kwa watu wengine, na mfano wa ripoti waliyoifanya. Asiye na la kwanza, usibishane naye bei. Mteja mmoja aliwahi kunirudishia ripoti kwa sababu bima yake ya jengo haikutaka picha zisizo na namba ya kibali. Ilikuwa haki yake, nikarudia kazi kwa gharama yangu.

Ripoti yenyewe isiwe video ya dakika ishirini yenye muziki. Piga picha tuli zinazopishana kwa theluthi mbili, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari kama mtu anayelima. Zikifika kwenye kompyuta, programu ya bure ya WebODM inaziunga kuwa picha moja ya paa zima, halafu unaweka namba kwenye kila kasoro: kofia ya mgongo wa paa iliyonyanyuka, skrubu iliyotoka, gata iliyoziba majani, bati lililotoboka. Fundi anapanda akiwa na karatasi hiyo, anajua aende wapi, anakanyaga juu ya papi tu, mbao zinazobeba bati, anashuka. Betri ishushwe ikiwa imebaki robo. Ukisafiri kwa ndege kuifuata Dar, betri zinakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo. Zote za droni hizi tatu ziko chini ya wati-saa 100.

Na kuna ambacho hakuna kati ya hizi kitakuonyesha. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, watu kadhaa walinipigia wakitaka droni ipite juu ya majengo yao. Niliwakatalia wawili. Walikuwa na nyufa za nguzo kwenye ghorofa ya chini, sehemu ambayo droni haiingii, na hata ingeingia, picha ya ufa si hesabu ya nguvu ya nguzo. Hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anayepima, anayegonga, anayetia saini yake. Kenchi zilizoliwa na mchwa chini ya bati zima nazo ni hivyo hivyo: tochi na kupanda darini.

Kwa kuta za kale za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, mimi hutumia Air 3 kutoka mita 10, lenzi ndefu, asubuhi jua likiwa pembeni ili kila uvimbe wa plasta utupe kivuli. Mahali ninapoona mche wa mtini umeota kwenye ufa, naweka alama. Halafu nachukua ngazi.